Mstaafu Anahitaji Mahali Anaposubiriwa

Wadogo zangu, sogeeni karibu. Leo nataka tuwazungumzie hao waliotulea, waliomaliza utumishi wao, wakafunga mizigo na kurudi kijijini.

Maswali yenu juu yao huja kwa sura nyingi, ila kiini chake ni kimoja. Baba alikuwa mwalimu mkuu. Kastaafu, kajenga nyumba nzuri kwao, pensheni inaingia, shamba lipo. Lakini kanyong'onyea. Analala mchana kutwa, hasira ziko karibu, akipigiwa simu anajibu maneno mawili. Au mama alikuwa muuguzi, mtu wa watu, wodi nzima ilimjua kwa kicheko chake. Leo hatoki nje ya ua mpaka kuwe na msiba au ibada. Kisha mnamalizia kwa swali lile lile: "Dada, tumtumie nini?"

Mtumieni, ndiyo. Dawa ya presha, mbolea, hela ya matumizi, hivyo ni haki yake na msivipunguze. Ila shida mnayoieleza haitibiki kwa kifurushi cha kupakia kwenye basi. Mzazi wenu amekosa mahali anaposubiriwa. Hana siku wala saa ambayo asipotokea, mtu atauliza, "Mwalimu yuko wapi leo?" Hilo ndilo nataka tulitafutie njia, na nawaambia mapema kwamba linawezekana katika kijiji chochote, hata kile ambacho umeme haujafika.

Kazi ilimpa zaidi ya mshahara

Kwa taratibu zetu za Tanzania, mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika 60 anastaafu kwa lazima. Mtu aliyeajiriwa akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu ameamka alfajiri kwa zaidi ya miaka thelathini ili saa 1:30 asubuhi awe kazini. Akichelewa, aliulizwa. Akiugua, alitembelewa. Akiwa na neno kuhusu mpira, siasa au bei ya sukari, palikuwa na wa kumsikiliza kwenye chai ya saa nne. Alikuwa na cheo, na watu walimwita kwa cheo hicho. Siku ya kuagwa akapewa zawadi, akapigiwa makofi, na kesho yake yote hayo yakakoma. Mshahara ulipata mbadala wake, nao ni pensheni. Hayo mengine hayakupata mbadala.

Wanaume huumia zaidi hapa. Mama zetu wengi, hata walipokuwa kazini, walishakuwa na VICOBA vyao vya kuweka na kukopeshana, jumuiya yao, na kikundi cha kufa na kuzikana. Baba marafiki zake wote walikuwa kazini. Anarudi kijijini baada ya miaka thelathini na kukuta rika lake wengine wametangulia mbele ya haki, na waliobaki wanamwona bosi wa mjini. Wanamsalimia kwa heshima, kisha wanapita. Hapo ndipo wengine hujikuta kilabuni tangu saa nne asubuhi. Hawakuwa walevi hapo awali, ila kilabu ndicho mahali pekee wanapoulizwa walikuwa wapi jana.

Mama naye ana mzigo wake, nao ni wajukuu. Akistaafu tu, kila mtoto wake anaona pa kupeleka mtoto. Hii si lawama, najua maisha ya mjini yalivyo. Lakini kama mmempelekea watoto watatu na mnamshangaa kwamba hashiriki lolote, jiulizeni atatoka saa ngapi.

Na jambo hili linagusa afya ya mwili na akili, si furaha peke yake. Jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti yake ya 2024, lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni ambayo binadamu anaweza kuyapunguza. Kuishi mbali na watu kumo. Sonona imo. Kutofanya mazoezi kumo. Masikio yasiyosikia vizuri na macho yasiyoona vizuri yamo pia, kwa sababu mtu asiyesikia hujitenga mwenyewe kabla hajatengwa. Kwa hiyo mkimtafutia mzazi miwani, kifaa cha kusikia na watu wa kukaa nao, mmempunguzia hatari hiyo.

Wazee wetu walishawahi kufanya haya

Msije mkadhani nawaletea jambo geni. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na takriban watu milioni mbili wakajiunga na vikundi vya kujifunza, wengi wao vijijini. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kikundi kilikutana kila wiki siku ya kipindi, redio moja ikawekwa katikati. Wakasikiliza. Kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu kwa sauti. Wakajadiliana kuhusu malaria, kichocho, safura au kuhara damu, kisha wakakubaliana jambo la kwenda kufanya kabla ya kukutana tena. Vyoo vikachimbwa, vichaka karibu na nyumba vikafyekwa. Miaka miwili baadaye ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, ya lishe. Mwaka huo huo wa 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoiga mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na vingi vyake vipo hadi leo.

Aliyekuwa kijana kwenye vikundi vile leo amepita sabini. Muulizeni, atawaeleza. Maana yake ni kwamba kijijini kwenu yupo mtu anayejua kuendesha kikundi cha kujifunza kwa redio moja na kijitabu kimoja, na hakuna aliyemwomba afanye hivyo tena kwa miaka hamsini.

Mimi nauona utaratibu ule kuwa bora mpaka leo: sikilizeni, jadilianeni, nendeni mkafanye. Redio za jamii zimejaa mikoani, zina vipindi vya kilimo, afya na sheria. Wazee kumi wakikaa na redio chini ya mwembe siku moja kwa wiki, wakazima baada ya kipindi na kuulizana "sisi hapa kwetu tufanyeje?", tayari wana darasa. Hawahitaji mfadhili.

Kila mmoja ni mwalimu, kila mmoja ni mwanafunzi

Mwaka ule ule wa 1973, mji wa Toulouse, Ufaransa, ulianzisha kitu walichokiita chuo kikuu cha umri wa tatu, yaani umri unaofuata utoto na kazi. Profesa Pierre Vellas aliwafungulia wastaafu milango ya chuo chake wasome. Wazo hilo lilipofika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, Waingereza waliligeuza. Walisema wastaafu wenyewe ni wauguzi, wahandisi, wakulima na wapishi, basi wafundishane. Hakuna mtihani, hakuna cheti, na anayefundisha leo anakaa kwenye benchi kesho kumsikiliza mwenziwe.

Huo mtindo wa pili ndio unaotufaa vijijini, na nawaomba muutilie maanani kwa sababu unaponya kosa ninaloliona sana. Watu wakitaka kuwaunganisha wastaafu, huwaita waliokuwa na ajira tu: walimu, wauguzi, askari, watu wa reli na posta. Wanaunda chama cha wenye pensheni, na mkulima wa miaka sabini na tano anabaki nje. Mkulima huyo hakuwahi kuagwa na ofisi yoyote, hana barua ya kustaafu, magoti tu ndiyo yaliyomwambia jembe sasa basi. Yeye naye amestaafu. Na anayo elimu ambayo mwalimu mkuu hana, maana mwalimu amerudi shambani baada ya miaka thelathini na hajui ni mbegu gani ya maharage inayostahimili ukungu wa bonde lile.

Waketisheni pamoja. Wiki hii mkulima anaonyesha namna ya kuhifadhi mbegu kwa majivu na kuchagua udongo wa bustani. Wiki ijayo mwalimu anamsaidia kusoma barua ya ardhi aliyoiweka chini ya godoro kwa miaka mingi. Wiki inayofuata muuguzi anawaeleza kwa nini dawa ya presha hainywewi siku kichwa kinapouma tu, bali kila siku. Aliyekuwa karani wa benki anaeleza riba inavyohesabiwa, ili mtu asiingie kwenye mikopo ya kausha damu. Bibi anayesuka ukindu anawafundisha wote, wanaume wakiwemo, na vidole vilivyoanza kukakamaa vinapata zoezi. Jungu kuu halikosi ukoko, wadogo zangu. Kijiji chenye wazee ishirini kina ratiba ya mwaka mzima bila kumlipa mgeni.

Hajachelewa kujifunza

Wapo watakaosema, "Dada, mzee wa miaka themanini ajifunze nini?" Waambieni wasome habari za Kimani Maruge wa Eldoret, Kenya. Elimu ya msingi ilipofanywa bure huko, Januari 2004 aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo akiwa na miaka 84, kavaa sare na soksi ndefu kama wenzake wa miaka sita. Alitaka aweze kuisoma Biblia mwenyewe. Mwaka uliofuata alisimama New York, Umoja wa Mataifa, kuzungumzia elimu ya msingi bure. Na huko Ndalat, Nandi, Priscilla Sitienei, aliyeitwa Gogo, alikwenda shule akiwa amepita miaka 90, pamoja na vitukuu wake. Alikuwa mkunga kwa miaka mingi, na moja ya sababu zake ilikuwa kutaka kuandika aliyoyajua ya ukunga na dawa za mitishamba ili yasizikwe naye. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi.

Tazameni sababu zao. Hakuna aliyekwenda shule kupata kazi. Kila mmoja alikuwa na jambo lake alilolitaka kwa moyo wote. Kwa hiyo kabla hamjampangia mzazi ratiba, muulizeni maswali matatu, na mkae mmsikilize bila kutazama simu. Ni jambo gani ulitamani kujifunza na hukupata nafasi? Ni jambo gani unalijua ambalo usingependa lipotee? Na ni nani unayemkumbuka, ambaye mngekaa tena ungefurahi? Majibu hayo matatu ndiyo mwanzo wa kila kitu. Huenda baba anataka kujifunza kupiga kinanda cha kanisani. Huenda mama aliyestaafu wodini anataka kufuga nyuki. Msiwachekee.

Somo moja nalitilia mkazo zaidi ya yote, nalo ni simu. Wezi wa mtandaoni wanawapenda wastaafu kwa sababu wanajua mafao yameingia. Kila mzee ajue haya kama anavyojua jina lake: namba ya siri hamwambii mtu, hata anayejitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anaufuta. Akiambiwa mtoto amepata ajali na hela inatakiwa sasa hivi, anakata simu na kumpigia mtoto mwenyewe kwa namba anayoijua. Akipokea taarifa ya pesa iliyotumwa kwa makosa, anaangalia salio kabla ya kurudisha senti. Baada ya hapo ndipo afundishwe mazuri ya simu: kukuza maandishi, kupiga simu ya video, kurekodi sauti, kusikiliza redio na mahubiri. Walimu bora wa somo hili ni wajukuu wa sekondari wakati wa likizo, mmoja kwa mzee mmoja, wakae pembeni kwa utulivu. Na mjukuu naye asiondoke mikono mitupu, bibi amlipe kwa kumfundisha kilugha, majina ya miti, na ukoo wetu ulitoka wapi. Simu ile ile irekodi sauti hiyo.

Mwili nao uende

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu wa miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku tatu au zaidi afanye mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu ili asianguke. Wazee wetu wa kijijini wanatembea, hilo tunashukuru. Kinachopungua ni hayo ya usawa: kusimama kwa mguu mmoja ukishika kiti, kuinuka na kukaa mara kumi bila kutumia mikono, kutembea kisigino kikigusa kidole. Dakika ishirini mwanzoni mwa mkutano wa kikundi zinatosha, na ngoma ya kwenu ikipigwa hakuna atakayeziona ndefu. Anayeumwa moyo au magoti aulize zahanati kwanza.

Huko Limpopo, Afrika Kusini, bibi walifika mbali zaidi, wakaunda timu ya mpira inayoitwa Vakhegula Vakhegula. Iliasisiwa na Beka Ntsanwisi, na mwaka 2010 ilikwenda Marekani kucheza mashindano ya maveterani. Sisemi mumnunulie bibi njumu. Nasema msimwekee mpaka ambao yeye hajauweka.

Na kwa wasioweza kukimbia, bao lipo. Mashimo 32, kete 64, na hesabu ya kichwa isiyokoma. Wekeni bao la pili kwa ajili ya watoto, wazee wawafundishe namu na mtaji. Mahali penye mabao mawili, wazee na vijana wanakaa pamoja bila mtu kuwalazimisha.

Benchi la kusikilizana

Hili linahitaji upole. Mstaafu mwingine huzuni yake ni nzito kuliko upweke. Amempoteza mwenzi, au mtoto, au mafao yote yameteketea kwenye biashara aliyoshauriwa vibaya, na aibu inamla. Zimbabwe walipata njia. Mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kuzungumza na watu wenye mawazo mazito. Wanamsikiliza mtu, wanamsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo, na kupanga hatua ya kulishughulikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipungukiwa na dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wenyewe wanasema kazi hiyo imewapa nguvu.

Kikundi chenu kinaweza kuwachagua watu wawili wenye vifua, mwanamke na mwanaume, wasiotoa siri nje, ambao mtu anaweza kukaa nao baada ya mkutano. Mmoja awe amezungumza na mganga wa zahanati, ajue ni lini jambo limezidi uwezo wake na mtu apelekwe hospitali. Asiyekula, asiyelala, anayesema heri afe, huyo haachwi arudi nyumbani peke yake.

Namna ya kuanza

Sasa tuje kwenye vitendo. Wewe uliye mjini ukienda likizo, fanya haya.

Kwanza, tafuta wawili. Mzazi wako na mtu mwingine mmoja anayemkubali. Kikundi kinachoanzishwa na mtoto kutoka mjini hufa basi linapoondoka. Waache wao wawe wenye kikundi, wewe uwe wa kubeba viti.

Pili, nenda kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, utoe taarifa kwa heshima. Ulizieni baraza la wazee la kijiji au kata kama lipo, ili msijenge kitu cha kushindana nalo. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na uongozi wa kijiji una wajibu wa kuwasikiliza. Ombeni darasa la shule baada ya saa za masomo, au ukumbi wa kanisa, au baraza la msikiti. Kama kijiji kina dini mbili, chagueni mahali ambapo kila mtu atakuja kwa amani.

Tatu, siku na saa. Epukeni siku ya gulio, epukeni Ijumaa mchana, epukeni asubuhi ya shambani. Saa tisa alasiri hadi kumi na moja inafaa, kila mtu afike kwake kabla ya giza. Siku ikishawekwa isibadilishwe, hata wakija watu wanne. Mkibadilisha siku mara mbili, mzee ataacha kujiandaa.

Nne, pangeni mambo madogo yanayoamua kila kitu. Choo kiwe karibu na kisafi. Viti viwe na egemeo, mabenchi ya watoto wa darasa la kwanza yanavunja migongo. Kaeni kwa duara ili asiyesikia vizuri aone midomo. Chai na kitafunwa viwepo, kila mmoja achangie alichonacho, ndizi, mihogo, sukari. Anayelea wajukuu aje nao, na watoto wakubwa wawatunze wadogo nje. Anayekaa mlimani mbali apangiwe bodaboda, na hapa ndipo watoto wa mjini mnaweza kuchangia nauli ya mwezi. Hela hiyo ina faida kuliko kitenge cha nne.

Tano, andikeni majina, na mpangeni anayefuatilia. Mtu asipoonekana, wawili wanapita kwake jioni ile ile au kesho yake. Hilo likikosekana, mengine yote ni mapambo. Huko Muleba, Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kwa kuwapa wazee, wengi wao bibi wanaolea wajukuu yatima, pensheni ndogo ya kila mwezi. Hela ile ilikuwa muhimu, na pamoja nayo wazee wakajipanga katika vikundi vya kutembeleana na kusaidiana. Kutembeleana hakuhitaji bajeti.

Sita, mwombeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii aje mara moja kwa mwezi kupima presha na kuwaelekeza wa sukari. Na tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, onyesheni mlichojifunza mwaka mzima, watoto wa shule waalikwe.

Mambo ya kuangalia

Msianze na fedha. Najua mtataka kuweka hisa mara moja. Subirini miezi kadhaa mjuane kwanza. Mkiweka, fuateni utaratibu wa VICOBA uliozoeleka: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, fedha zihesabiwe mbele ya wote, na kila mmoja awe na kitabu chake. Asiyejua kusoma asomewe kitabu chake kwa sauti.

Asiyeweza kuchangia asifukuzwe. Siku mtakapomtoa mzee kwa sababu ya elfu moja, mtakuwa mmeua kikundi na hamtajua.

Wanasiasa watakuja na fulana msimu ukifika. Wapokeeni, wasikilizeni, na jina la kikundi libaki la kwenu. Watakuja pia wenye miradi ya kuvuna mara mbili kwa mwezi mmoja. Hao wajibiwe kwamba kikundi hujadili kila jambo kwa wiki mbili kabla ya kutoa hata shilingi. Tapeli hana subira ya wiki mbili.

Na waliokuwa mabosi, kwa heshima zote, wasipewe uenyekiti wa kudumu. Zungusheni. Mtu aliyeamrisha miaka thelathini naye apate raha ya kuletewa chai na kusikiliza.

Neno kwa wazazi wenyewe

Baba zangu na mama zangu, nawageukia kwa adabu. Ninyi ambao mko mwaka mmoja au miwili kabla ya kustaafu, anzeni sasa. Mkienda kijijini likizo, msikae ndani ya uzio. Ingieni kwenye kikundi kimoja, mchango wenu uwe unafika hata msipokuwepo, ili siku mnaporudi kabisa mkute nafasi yenu imeshawekwa.

Ninyi mliokwisha kurudi na mkaona siku ni ndefu, msisubiri kualikwa. Aliyezoea kuitwa vikaoni huona vigumu kujipeleka, naelewa. Jirani yenu naye amekaa kwake anafikiri nyinyi watu wa mjini hamtaki kusumbuliwa. Nendeni mkamwombe jambo: mwombeni awafundishe kupandikiza migomba, awaonyeshe mpaka wa zamani wa shamba, awaeleze habari za babu. Anayeombwa kufundisha huja tena.

Nanyi wadogo zangu, wiki hii mpigieni mzazi simu na kumuuliza yale maswali matatu. Yaandikeni majibu yake. Kisha mtafuteni mtu wa pili kijijini, pangeni siku, na mtume nauli ya bodaboda. Mkishaanza, niandikieni mniambie kikundi chenu kinaitwaje, kinakutana siku gani, na nani alifundisha nini. Nitayachapa hapa hapa, wengine wajifunze kwenu.

Wazazi wetu wapeni salamu zangu. Ni mimi dada yenu.